Mikebe Mitatu ya Rukia

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ilikuwa Jumanne, nikiwa mwalimu mpya mjini Moshi, nilipokuwa nasahihisha jaribio la Kiingereza la kidato cha tatu nikakuta karatasi moja iliyonitia mashaka. Nakusimulia kwa sababu Jumapili ulikuja hapa Kirua na insha ya mwanafunzi wako mkononi, ukaniambia, "Mama mkubwa, huyu hawezi kuandika hivi. Hii imeandikwa na simu." Nikakupa bakuli la mtori wa ndizi, nikakuambia kula kwanza. Ulidhani nimekupuuza. Nilikuwa naogopa kukujibu haraka, maana njia hiyo naijua, nimeipita nikiwa na umri kama wako.

Na usidhani nitakuambia usishuku watu. Mimi ni mtu wa kushuku tangu nilipozaliwa. Maziwa yakiletwa nayachungulia kwanza kama hayajatiwa maji. Mayai nayahesabu kabla ya kwenda kanisani, na nikirudi nayahesabu tena. Mtu akinisifu kitenge changu najiuliza anataka nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema serikali ilikosea, badala ya kunipa chaki ingenipa kirungu cha polisi. Kwa hiyo tuelewane, simsemi mtu mwingine hapa.

Shule ile ilikuwa ya kutwa, mjini, mwendo mfupi kutoka hospitali ya Mawenzi. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka huo huo, viatu bado vinalia. Sheria ya shule ilikuwa moja inayojulikana kwa wote: ukishavuka geti, Kiingereza tu. Mwanafunzi akikamatwa anaongea Kiswahili alifyeka majani uwanja mzima. Nami niliipenda sheria ile, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichokuwa kimenitoa kijijini.

Katika darasa langu alikuwapo msichana anaitwa Rukia. Baba yake, Fundi Athumani, alikuwa fundi baiskeli nyuma ya soko. Rukia alikuwa mpole, na hakuwa na Kiingereza cha kuongea. Akisimama kujibu, maneno yalimkwama na wenzake wakaguna. Nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu la wale wa kupita hivi hivi, unajua sisi walimu tunavyopanga watoto kichwani hata kabla ya kuwajua.

Jaribio lenyewe nilitunga kwa kiburi, nakiri. Nilichukua maneno ishirini mazito kutoka kwenye kitabu changu cha chuo, hata moja sikuwa nimelifundisha, nikawaambia waandike maana kwa Kiswahili. Nilitaka wafeli waone Kiingereza kilivyo kikubwa na mimi nilivyo mkubwa pamoja nacho. Na kweli walifeli. Aliyeongoza mpaka hapo alipata sita. Kisha nikaifikia karatasi ya Rukia. Kumi na saba.

Karatasi ya maswali ilikuwa imelala kwenye droo yangu wiki nzima, na droo ile kufuli lake lilikuwa linafunguka kwa pini ya nywele, nilijua kwa sababu mimi mwenyewe nililifungua hivyo nilipopoteza ufunguo. Na wiki ile zamu ya kufagia ofisi ya walimu ilikuwa ya nani? Ya Rukia. Nikajiambia, dalili ya mvua ni mawingu. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu, ukishaamua kumshuku mtu, methali hazikosekani, zinakuja zenyewe kama nzi kwenye ndizi zilizoiva.

Nikaanza kumvizia. Mwalimu mzima, na diploma yangu, nikajibanza nyuma ya tangi la maji wakati wa mapumziko. Siku ya Alhamisi nikamwona amekaa peke yake nyuma ya madarasa. Akatoa mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko akatoa vikaratasi vidogo vilivyokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Akavipanga mapajani, midomo inacheza, akavipangua, akavipanga upya. Nikatoka mafichoni nikamnyang'anya.

Vilikuwa kama sitini. Hapakuwa na neno kamili hata moja. Kimoja kimeandikwa *port*, nyuma yake "beba". Kingine *dict*, nyuma "sema". *Scrib*, "andika". *Struct*, "jenga". *Spect*, "tazama". Nikavigeuza na kuvigeuza. Kiingereza nilikuwa nimekisoma miaka yote ile na sijawahi kuona neno *struct* peke yake. Basi nikapata jibu nililokuwa nalitaka: ni alama za siri. Wana kikundi, wanapeana majibu.

Nikamsimamisha mbele ya darasa, watoto arobaini wanamtazama. Nikamwambia ajieleze, kwa Kiingereza.

"Teacher, I..." akasema, akakwama. Akajaribu tena, akakwama pale pale. Kisha akaniangalia usoni akasema, "Mwalimu, mimi huwa nachukua..."

"English," nikamkata.

Akanyamaza. Nikasubiri kidogo, wote wauone ukimya ule, nikawaambia mnaona, mwenye hatia hana la kusema. Nikauchukua mfuko mpaka jikoni kwa mpishi wa shule, vikaratasi nikavimwaga kwenye moto uliokuwa unachemsha maharage. Rukia alinifuata mpaka mlangoni. Hakunitazama mimi, alitazama moto.

Siku ile ile akarudishwa nyumbani, arudi na mzazi. Wiki ikapita, mzazi hakuja. Ya pili ikapita. Mkuu wa shule akasema mwezi ukiisha hajatokea, jina linafutwa. Mimi nikasema moyoni, si unaona? Angekuwa na haki si baba yake angekuja mbio? Sikufikiri kwamba mtu anaweza kukaa kwake kwa sababu ameumizwa.

Sasa, ofisini palikuwa na mwalimu mzee wa jiografia, Mwalimu Kimaro, karibu anastaafu. Mzee wa maneno machache. Siku moja akaniomba karatasi ya yule binti. Nikampa kwa furaha, nikijua atanisifu kwa jicho langu kali. Akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho.

"Haya kumi na saba umeyasahihisha," akasema. "Haya matatu umeyasoma?"

"Hayo kakosa, Mwalimu."

"Nasema umeyasoma?"

Akaniwekea kidole kwenye neno moja, *invaluable*. Unajua maana yake, kitu chenye thamani isiyokadirika. Rukia alikuwa ameandika: "kitu kisicho na thamani". Nami nilikuwa nimelipiga mkasi mwekundu wa kukosa, mkubwa. Mzee akaniambia nitazame vizuri juu ya neno. Palikuwa na mistari miwili ya penseli, myembamba, imeligawa neno vipande vitatu. *In*, ya kukanusha. *Value*, thamani. *Able*, ya kuwezekana. Alikuwa amelipasua, akakisoma kila kipande, akaviunga. Njia yake ilikuwa sawasawa, ila neno lenyewe lina ukaidi wake, limekataa kufuata wenzake.

Nikatazama na mengine. Yote ishirini yalikuwa na mistari ile ya penseli. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo, nikaihesabu kwenye alama za siri.

"Mwizi akifungua droo yako ataiba jibu sahihi," akasema Mwalimu Kimaro. "Hili kosa, binti yangu, kaliiba wapi?"

Nikasema tu kwamba nilimuuliza na akanyamaza.

"Ulimuuliza kwa lugha gani?"

Nikainamisha kichwa.

"Mimi leo nikikuuliza kwa Kijerumani kwa nini jana ulichelewa, utanijibu nini? Umemnyima mtoto lugha, kisha umemhukumu kwa kunyamaza. Umdhaniaye ndiye, siye. Nenda kwao."

Akanirudishia karatasi ya Rukia akaanza kumenya ndizi yake. Mpaka leo naona ningependa zaidi angenifokea.

Jumamosi nikapanda huku Kirua. Nikaenda kwenye mpaka wa kihamba cha baba, shamba letu la migomba, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyomwona baba akifanya siku alipomkosea kaka yake. Unajua desturi yetu. Ukimpelekea mtu isale umemwomba radhi, na aliyeletewa hawezi kukataa, hata awe na uchungu kiasi gani. Nikashuka nalo mjini, na njiani nikawa najisikia mwepesi, kama mambo yameshakwisha. Wepesi ule ndio ningeushuku, kama kweli mimi ni hodari wa kushuku.

Kwao Rukia, barazani palikuwa karakana. Baiskeli zimesimamishwa kichwa chini, nyingine za wakulima wa mpunga wa Chekereni, nyingine za wanaoteremsha ndizi kutoka milimani na kumaliza breki zote. Nikapiga hodi. Akatoka mama yake, Bi Zuhura. Nikamwamkia, shikamoo, nikajitambulisha kwamba ndimi mwalimu wa Rukia, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Bi Zuhura akaificha mikono yake nyuma.

"Hilo la nini?"

"Ni isale, mama."

"Nimekuuliza la nini. Na hilo fundo umefunga nini ndani yake?" Akarudi hatua moja. "Umemfukuza mwanangu shule, sasa unaniletea jani lenye fundo mlangoni kwangu. Nyumba hii haipokei vitu isivyovijua."

Mwanangu, ilinichukua muda kuelewa kwamba mama yule ananishuku uchawi. Mimi, mwanakwaya wa kanisani. Nilitaka kukasirika, kisha nikaona hapana, huyu anafanya nilichofanya mimi hasa. Kaona kitu kigeni mkononi mwa mtu, hakijui, kwa hiyo ni kibaya. Tofauti ni kwamba yeye aliniuliza, na aliniuliza kwa lugha ninayoijua.

Fundi Athumani akainuka katikati ya baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Nikawaeleza desturi yetu, kwamba anayepelekewa jani hili hana budi kusamehe. Bi Zuhura akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Kwa hiyo umekuja na kitu cha kutufunga mdomo. Tutake tusitake, tukusamehe."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Kwetu jani lile ni heshima kubwa, wala silidharau, lakini mimi nilikuwa nimelichuma ili nisiseme. Nilitumaini nitalitoa, watalipokea, nitarudi zangu kabla ya chai.

"Mwalimu," akasema Fundi Athumani kwa upole, "hilo jani halijui Kiswahili. Wewe unakijua."

Nikalitia kwenye mkoba. Nikaomba Rukia aitwe. Akaja akasimama nyuma ya gurudumu, kalishika kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Rukia, nimekukosea. Nilikuita mwizi mbele ya wenzako na hukuiba. Nilikukataza kusema, kisha nikasema huna la kusema. Na vikaratasi vyako nilivichoma moto bila kujua ni nini." Nililia, na machozi yale sikuyaonea aibu.

Fundi Athumani akaingia ndani, akatoka na mikebe mitatu ya maziwa ya unga, kama ile aliyopangia nati na sukurubu zake. Akaiweka chini mbele yangu.

"Mimi Kiingereza sina," akasema. "Lakini ikiletwa hapa baiskeli nisiyoijua, siiogopi. Naifungua. Mnyororo ni mnyororo, beringi ni beringi, hata itoke nchi gani. Huyu alikuwa analia kwamba maneno ni mengi, hayaishi. Nikamwambia, mwanangu, hayo maneno nayo yatakuwa na nati zake. Yafungue."

Mkebe wa kwanza ulijaa vikaratasi vya mbele ya maneno: *un*, *re*, *pre*, *trans*, *ex*. Wa tatu ulijaa vya nyuma: *able*, *less*, *tion*, *ful*. Wa katikati, wa mizizi yenyewe, ulikuwa mtupu. Vyake ndivyo nilivyovichoma; wiki ile alikuwa amevibeba vyote shuleni kudurusu.

"Ilinichukua mwaka mzima, Mwalimu," akasema Rukia. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Kamusi ilikuwa ya majirani. Walishahama nayo."

Bi Zuhura akasema wamenisikia, lakini kurudi shule ataamua mtoto mwenyewe, si wao wala si jani. Rukia akafikiri akizungusha gurudumu polepole. Kisha akasema atarudi, ila nikayaseme maneno yale yale mbele ya wale walioyasikia ya kwanza.

Jumatatu nikayasema. Mbele ya watoto arobaini, kwa Kiswahili, ndani ya geti, mkuu wa shule amesimama dirishani. Nilipomaliza, Rukia akaingia akakaa mahali pake. Hakuna aliyecheka.

Muhula ule wote kamusi yangu ya chuo haikupumzika. Jioni nilikata maboksi, nikaandika mizizi. Hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza, nikiwa tayari ni mwalimu wake. Kwenye Kiswahili viambishi nilivifundishwa tangu shule ya msingi, kwamba *pika* ukiifungia mbele na nyuma unapata *anapikia*, *mpishi*, *hapikiki*. Sikuwahi kuwaza kwamba Kiingereza nacho kinafunguka hivyo. *Port* ni kubeba: ukiweka *im* unabeba kuingiza, ukiweka *ex* unabeba kutoa, *trans* unavusha, ukifunga *able* nyuma kinabebeka. Mzizi mmoja umekupa maneno manne, na hujakariri hata moja. *Spect* ni kutazama: *inspect*, tazama ndani, *respect*, tazama tena. *Suspect*, kushuku, niliiandika haraka nikaipita.

Nikavipeleka kwa Rukia Jumamosi, vikaratasi sitini ndani ya bahasha, nikiwa na furaha kama mtoto. Akanishukuru vizuri. Kisha akakaa barazani, akatoa kimoja, akaniomba kamusi. Akatafuta, akalinganisha, akakitia mkebeni. Akatoa cha pili. Sitini vyote, mwanangu, kimoja kimoja, na mimi nimekaa pale kwenye kigoda nasubiri. Zamani alikuwa anaandika lolote mwalimu analosema bila kuinua macho. Kushuku nilimfundisha mimi, na somo hilo alilifaulu kuliko yote.

Leo ni mtu mzima, ana kazi yake nzuri na watoto wake. Tukikutana sokoni ananiamkia, "Shikamoo, Mwalimu," ananiuliza habari za magoti yangu. Hana kinyongo, najua. Lakini nikimpa kitu, hata chane moja ya ndizi kutoka shambani, anaigeuza chini juu kwanza ndipo anaitia kikapuni. Nafikiri hajui kwamba anafanya hivyo, na mimi sijawahi kumwambia.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ile insha yako inaweza kuwa imeandikwa na simu. Inaweza. Hata mimi niliposikia habari zake nilishuku, na simu zenyewe siziamini. Lakini kesho mwite mtoto huyo peke yake, si mbele ya darasa. Muulize kwa lugha anayoweza kujitetea nayo. Usimuulize nani kakuandikia, mwambie akufungulie kazi yake: hapa ulifikaje, hili neno ulilitoa wapi, kwa nini ulilichagua. Na usome makosa yake kabla ya kusoma sifa zake, maana kosa la mtu mara nyingi lina alama za vidole vyake. Kama ni simu, dakika kumi zitatosha kukuonyesha, na utakuwa hujachoma kitu cha mtu. Kama si simu, utakuwa umejifunza jambo, kuuliza si ujinga. Na ukishamkosea, usihangaike kutafuta jani. Nenda, fungua mdomo, useme ulichofanya, na umwache aliyekosewa aamue kwa hiari yake.

Shuku, sikukatazi, ni damu ya ukoo wetu. Ila kwanza fungua, tazama ndani, ndipo useme.

Mungu akulinde barabara yote mpaka shuleni kwako Chekereni. Akupe subira ya fundi na ulimi usiotangulia macho. Na watoto unaowafundisha, wakikua, wapokee kitu mkononi mwako bila kukigeuza.